Barua kwa mwanangu: kuhusu dozi ya pili ya surua

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza jana usiku, nikaurudia baada ya swala ya alfajiri, nikaona mambo haya hayatoshi kwenye simu inayokatika kila dakika mbili. Nimeona heri niandike. Soma na baba mtoto, mkae nayo siku mbili tatu, kisha mnipigie.

Unasema mjukuu wangu anatimiza miezi 18 mwezi ujao, kadi ya kliniki inadai dozi ya pili ya surua na rubela, na roho yako inakataa. Mumeo anasema asipelekwe. Mama mkwe wako anasema mtoto wa degedege hachomwi sindano. Na nesi uliyejaribu kumweleza alikukatisha kabla hujamaliza, akakwambia homa ni kawaida, pisha mwenzio. Hilo la nesi limeniuma sana. Nimefanya kazi hiyo hadi nimestaafu, najua foleni ya kliniki ya mama na mtoto inavyokuwa asubuhi, lakini mama aliyeshuhudia mwanawe akikakamaa anastahili kusikilizwa hadi mwisho. Kuogopa kwako ni haki yako, na sitaki mtu yeyote akufanye ujione mjinga kwa sababu hiyo.

Kwanza tukubaliane siku ile ilikuwaje, maana kila anayeisimulia huko kwenu naona anaongeza lake. Mlikuwa hapa Tanga kwa Idi. Dozi ya kwanza ya surua na rubela, ile ya miezi 9, alikuwa ameshachanjwa Dar, wiki moja na kitu nyuma. Alishinda akicheza, jioni akakataa ziwa, mwili ukawa wa moto. Usiku macho yakapanda juu, taya zikabana, mkono wa kulia ukawa unagonga godoro, mate yakamtoka pembeni mwa mdomo. Nilimlaza ubavu, nikamlegeza nguo, nikatazama saa ya ukutani. Haikufika dakika tatu. Kwako ilikuwa usiku kucha, nilikuona. Hospitali walimpima malaria hana, shingo laini, masikio safi, na kulipokucha akataka uji. Kesho yake vikatoka vipele vidogo kifuani, vikaondoka vyenyewe.

Umeniuliza kwa nini homa ije wiki nzima baadaye, wakati penta, ile chanjo ya magonjwa matano, ilimpa homa usiku uleule. Ni kwa sababu chanjo hizi zinafanya kazi kwa njia tofauti. Penta haina kijidudu kilicho hai ndani yake, mwili unakutana nayo yote kwa mara moja, kwa hiyo maudhi yake huja siku hiyo au kesho yake. Chanjo ya surua na rubela ni virusi hai vilivyodhoofishwa. Vinahitaji siku kadhaa kuzaliana kwanza, ndipo mwili unavishtukia na kuanza kuvipiga, na homa ni alama ya mapambano hayo. Inakuja kati ya siku ya 5 na ya 12, mara nyingine pamoja na vipele. Mtoto wako alifuata kalenda hiyo vilevile.

Degedege lililetwa na homa. Kati ya miezi 6 na miaka 5 ubongo wa mtoto bado mchanga, na joto likipanda linaweza kumletea hali ile, iwe limetokana na mafua, sikio, malaria au chanjo. Kwa chanjo ya surua huwapata kama mtoto mmoja katika kila 3,000 au 4,000. Najua namba hiyo haikufariji, kwa sababu huyo mmoja ndiye wetu.

Swali lako kubwa, ambalo uliliuliza kwa sauti ya chini mwishoni mwa ujumbe, ni kama limemwachia kitu kichwani. Denmark walifuatilia watoto zaidi ya laki tano waliozaliwa kati ya 1991 na 1998, wakawatazama kwa makini waliopata degedege la homa ndani ya wiki mbili baada ya chanjo ya surua. Kifafa hakikuwapata kuliko watoto wengine waliopata degedege la homa kwa sababu nyingine. Mjukuu wangu anatembea, anaita majina, anaficha rimoti ya watu. Hakuna alichopoteza.

Sasa mama mkwe wako. Usimjibu vibaya. Huku pwani sote tumekulia ndani ya maneno hayo, Bagamoyo, Pangani hadi hapa: degedege ni la mganga kwanza, mtoto afukizwe moshi wa kinyesi cha tembo, na sindano itamuua. Mimi nimeona kwa macho yangu imani hiyo inavyolishwa. Degedege tulilolipokea wodini zamani mara nyingi lilikuwa malaria iliyopanda kichwani. Mtoto ameanzia kwa mganga, siku mbili zimepita, tatu zimepita, anafika kwetu hajitambui. Tunamwekea kwinini, usiku anafariki. Mama anarudi kijijini na ushahidi wake: mwanangu nilimfikisha anapumua, wakamchoma sindano, akafa. Utambishia nini mwanamke huyo? Alichokiona ni kweli, ila kilichomuua mwanawe kilianza kazi siku tatu kabla ya sindano. Mama mkwe wako amezika, unajua, na anamtetea mjukuu wake kwa kile alichofunzwa na msiba. Zungumza naye kutokea hapo.

Na mimi pia nina misiba yangu. Nilipoanza uuguzi miaka ya 1980 surua ilikuwa na wodi yake. Tuliweka mapazia mazito madirishani kwa sababu watoto walishindwa kufumbua macho kwenye mwanga. Midomo imepasuka, ndani vidonda vitupu, tunavipaka dawa ya rangi ya GV hadi kinywa kizima kinakuwa zambarau, tunaweka mafuta ya tetrasaiklini machoni, na mtoto hana nguvu hata ya kulia. Wengi waliokufa walikufa kwa nimonia au kuharisha, wengine wiki kadhaa baada ya vipele kukauka, nyumbani, hakuna aliyeandika kwamba ni surua. Wengine walipona wakiwa vipofu, kwa sababu surua humaliza vitamini A mwilini na kioo cha jicho kinatoboka. Lile jicho la kushoto la mjomba wako wa Muheza, lenye ukungu mweupe, mlilokuwa mnaliogopa mkiwa wadogo, ni surua.

Surua nayo huleta homa, tena kali kuliko ya chanjo yoyote, na degedege juu yake. Katika kila wagonjwa 1,000, karibu mmoja huvimba ubongo wenyewe. Na ninyi mnaishi Mbagala, kwenye msongamano wa watu, na virusi vya surua vinaweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Daladala moja inatosha. Kwa hiyo ukimwepusha na sindano kwa kuogopa degedege, unamwacha wazi kwa ugonjwa unaoleta degedege zaidi.

Utaniambia: mama, kama homa na vipele vile vinaonyesha chanjo ilishika, ya pili ya nini? Hapa nataka usome taratibu, kwa sababu ndiyo kiini cha jambo lote. Katika miezi 9 mtoto bado anaweza kuwa na kinga uliyompa wewe akiwa tumboni, na kinga hiyo inaua virusi vya chanjo kabla havijafanya kazi. Ndiyo maana dozi ya miezi 9 hushika kwa kama watoto 85 katika kila 100. Hao 15 wanatembea na kadi iliyojazwa lakini mwilini hawana kitu, na kliniki haina kipimo cha kuwatambua. Dozi ya pili inawatafuta hao. Tanzania iliingiza dozi hiyo mwaka 2014, na rubela ikaongezwa kipindi hichohicho.

Sasa angalia mtoto wako yuko wapi. Kama ya kwanza ilishika, virusi vya dozi ya pili vitakuta kinga inavisubiri, vitauawa mapema, na homa ile haitapata nafasi ya kujengeka. Ndiyo sababu homa na degedege ni nadra zaidi baada ya dozi ya pili. Kama ya kwanza haikushika, na ile homa ilikuwa ya virusi vingine vilivyojipitia tu, basi homa inaweza kuja safari hii, lakini huyo ndiye hasa mtoto asiyetakiwa kuikosa chanjo. Yaani asiyeihitaji sana haina cha kumfanya, na anayeihitaji ndiye anayeweza kuchemka usiku mmoja. Nimeligeuza hili huku na huku kwa wiki nzima na kila upande jibu langu ni apelekwe. Na asicheleweshwe. Ukingoja afike miaka miwili, umri wa degedege utakuwa bado haujamwisha, halafu miezi yote hiyo anakaa bila uhakika. Kwa kuwa ni binti, rubela nayo tusiisahau: mwanamke akiipata mimba ikiwa changa, mtoto anaweza kuzaliwa kiziwi, mwenye mtoto wa jicho au tundu kwenye moyo.

Ningekwambia usimpeleke kama angevimba uso na kushindwa kupumua dakika chache baada ya ile sindano ya kwanza. Au kama angekuwa na ugonjwa unaoangusha kinga ya mwili, hapo daktari aamue kwanza. Degedege la homa halimo katika sababu za kumnyima mtoto chanjo ya surua.

Mumeo amekutumia ile video ya watoto waliokufa kwa chanjo ya surua huko visiwani. Mwambie kisa kipo, sitaki umfiche. Ni Samoa, Julai 2018. Watoto wawili wa mwaka mmoja walikufa dakika chache baada ya kuchomwa, kwa sababu manesi walichanganya unga wa chanjo na dawa ya kulegeza misuli inayotumika kwenye operesheni, badala ya maji yake. Manesi hao walifungwa. Lakini mwombe asiishie hapo. Serikali ilisimamisha chanjo ile kwa miezi, wazazi wakaogopa hata iliporudishwa, na mwishoni mwa 2019 surua ikaingia kwenye nchi ya watu laki mbili. Ilipoisha walikuwa wamekufa watu 83, wengi wao watoto chini ya miaka mitano. Walikufa kwa hofu ileile anayoihisi yeye sasa, nami siichukulii kirahisi.

Kisa hicho kinakupa kitu cha kufanya. Siku hiyo simama karibu, mwombe nesi akuonyeshe kichupa. Kina unga, na maji yake maalumu yanakuja pamoja nacho. Kwenye kichupa kuna kibandiko chenye mraba mdogo ndani ya duara: mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo haijaungua na joto, ukifanana nalo au ukiwa mweusi zaidi, haifai. Uliza kimechanganywa saa ngapi, kwa sababu zikipita saa 6 tangu kichanganywe kinatakiwa kutupwa. Bomba la sindano lifunguliwe mbele yako. Nesi anayeijua kazi yake hatachukia; mimi nilikuwa nawapenda akina mama wa namna hiyo.

Mpeleke akiwa mzima. Kama ana homa kali siku hiyo, rudi nyumbani, uende siku nyingine. Mweleze nesi kilichotokea, kabla hajashika mkono wa mtoto, na akikukatisha tena muulize mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, yuko wapi. Mwombe pia ijazwe fomu ya tukio baada ya chanjo kwa lile la kwanza, hata kama ni zamani. Taarifa hizo hufika Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na ni haki yako ihesabiwe.

Hesabu siku kuanzia hapo. Weka kipimajoto na paracetamol ya maji ndani, mpe kwa uzito wake walivyokuandikia. Sitakudanganya: paracetamol inamtuliza na kushusha joto, lakini haizuii degedege. Mnyonyeshe, mpe maji, usimfunike mablanketi. Kwa watoto waliopata degedege la homa mara moja, kama theluthi hulipata tena katika homa nyingine, chanjo au si chanjo, kwa hiyo haya uyajue vyovyote utakavyoamua. Likija, mlaze ubavu. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimmwagie maji, usimkandamize. Tazama saa. Likizidi dakika 5, au likirudi, au asipoamka vizuri baadaye, beba mtoto kimbia. Hata likiisha upesi mpeleke akapimwe malaria, kwa sababu Mbagala au Tanga, homa yoyote ni malaria hadi kipimo kikatae. Nimeona malaria zikifichwa na neno "ni chanjo tu hiyo".

Uamuzi ni wenu wawili, wewe na mumeo, nami nitaendelea kuwa mama yako mkiamua lolote. Ila hutanisikia nikisema fanyeni mnavyotaka, kwa sababu nataka achanjwe.

Mama mkwe wako mwambie nitakuja, na ningependa tukae naye siku moja tuzungumze, wazee kwa wazee, bila wewe katikati. Niandikie tarehe iliyopangwa kwenye kadi ili nikate tiketi. Nataka niwe hapo kuanzia siku ya tano, na godoro la chumba cha mtoto unitandikie mimi.

Mama yako,
Tanga