Ziara ya basi Moroko kwa mke na mume: ulizeni kwanza mtalala wapi

Wanandoa wengi wanaotaka ziara ya basi ya miji ya kifalme ya Moroko hulinganisha bei ya siku 7 na ya siku 8, kisha huchagua. Kitu cha kulinganisha ni mahali mtakapolala, kwa sababu siku inayotumika barabarani nayo huhesabiwa kuwa siku ya ziara.

Mzunguko wa kawaida ni Casablanca, Rabat, Meknes, Fes, Marrakech, halafu Casablanca tena. Vipande vya mwanzo ni vyepesi. Casablanca hadi Rabat ni kilomita 90 hivi, Rabat hadi Meknes takriban 150, na Meknes hadi Fes ni 60. Mnaweza kutazama Mnara wa Hassan mjini Rabat, ambao ujenzi wake ulisimama mwaka 1199 ukiwa na mita 44, mkapita lango la Bab Mansour mjini Meknes, na jioni bado mkawahi chakula.

Ugumu uko kati ya Fes na Marrakech. Barabara kuu ya kulipia huzungukia Rabat na Casablanca, na ni zaidi ya kilomita 500. Njia ya milimani, kupitia Ifrane na Beni Mellal, ni fupi kidogo lakini ina kona nyingi. Ukijumlisha chakula na vituo vya choo, njia zote mbili humaliza siku nzima. Ratiba ikiandika "siku ya 5: Fes na Marrakech", jueni hiyo ni siku ya kukaa kitini. Kwa hiyo tunashauri mlale Fes siku 2 na Marrakech siku 2, bila kupungua. Kama bajeti imebana, punguzeni Casablanca: Msikiti wa Hassan II, uliokamilika mwaka 1993, unatosha kutazamwa kwa nusu siku.

Mkipita milimani, kaeni viti vya mbele ikiwa mmoja wenu hutapika safarini, na asubuhi chagueni upande wa kulia. Basi linaelekea kusini-magharibi, hivyo jua la asubuhi hupiga madirisha ya kushoto. Sweta lisiwe kwenye begi lililo chini ya basi: Ifrane iko juu ya mita 1,600 na hupata theluji wakati wa baridi, ilhali Marrakech mwezi wa Julai joto hupita nyuzi 40.

Basi haliingii ndani ya medina, yaani mji wa kale wenye vichochoro. Anayeujua Mji Mkongwe wa Unguja ataelewa mara moja, ila Fes el-Bali, medina ya Fes, ni kubwa zaidi na iko mteremkoni. Ndiyo maana hoteli za makundi huwa mji mpya, mwendo wa teksi. Mkitaka kulala riad, nyumba ya zamani yenye ua katikati, mizigo husukumwa kwa mkokoteni kutoka langoni, na mara nyingi hakuna lifti. Begi moja la wastani kwa kila mtu linatosha. Sanduku la kilo 30 kwenye ngazi nyembamba huwa adhabu.

Matembezi ya Fes huchukua saa 3 hadi 4. Kutoka lango la Bab Boujloud mnashuka kuelekea Qarawiyyin, msikiti na chuo kilichoanzishwa mwaka 859, juu ya mawe yanayoteleza yakilowa. Vaeni viatu vyenye soli ya mpira. Mkisikia "Balak!" ("Pisha!") nyuma yenu, jibanzeni ukutani papo hapo: ni punda mwenye shehena ya ngozi au mitungi ya gesi, na hawezi kukata kona ghafla. Ulizeni mapema kama gari litawachukua uwanja wa R'cif, huko chini, badala ya kuupanda mlima ule ule mkiwa mmechoka. Ijumaa kuanzia adhuhuri maduka mengi ya medina hufungwa, kwa hiyo tazameni Fes inaangukia siku gani.

Misikiti ya Moroko, isipokuwa michache kama wa Hassan II wenye saa maalumu za wageni, haiingiwi na wasio Waislamu. Kama mmoja wenu ni Mwislamu na mwingine siye, pangeni kabla ya kufika mlangoni nani atasubiri na wapi.

Mabwawa ya kutengenezea ngozi ya Chouara, huko Fes, hutazamwa kutoka kwenye baraza za maduka ya ngozi. Mtapewa tawi la nanaa la kunusia, maana ngozi hulainishwa kwa chokaa na kinyesi cha njiwa, kisha mtaonyeshwa makoti. Hamlazimiki kununua. Maduka haya mara nyingi humlipa kamisheni anayeleta wageni, na bei ya kwanza huwa imeibeba. Ratiba yenye vituo vingi vya mazulia, mafuta ya argani na ngozi huwa nafuu kwa sababu hiyo. Ombeni idadi ya vituo vya maduka kwa maandishi.

Chumba cha watu wawili mara nyingi huja na vitanda viwili vidogo. Mkitaka kitanda kimoja kikubwa, kiandikwe kwenye uthibitisho wa hoteli kwa Kifaransa, "grand lit", kwa kuwa ndilo neno la mapokezi. Bebeni pia nakala ya cheti cha ndoa. Baadhi ya hoteli zimewahi kuiulizia.

Dirhamu badilisheni mkifika, na kabla ya kuondoka rudisheni zilizobaki, maana hairuhusiwi kutoka na zaidi ya 2,000. Wekeni sarafu kwa ajili ya vyoo vya njiani na bahashishi za wachukuzi. Plagi za Moroko zina pini mbili za mviringo, hivyo chaja zenu za pini tatu zitahitaji adapta.

Kabla ya kulipa chochote, tutumieni tarehe, aina ya kitanda, na kama kuna mwenye matatizo ya magoti. Tarehe zikiangukia Ramadhani tutawaambia, kwa kuwa saa za kufungua makumbusho hupungua na saa za nchi hurudishwa nyuma kwa saa 1.