Jumapili Coco Beach: njooni tuonane

Jamani, habari za jioni. Jumapili hii saa 10 alasiri tunakutana Coco Beach, upande wa wauza mihogo. Najua foleni, najua uchovu wa wiki, na wanaotokea Mbagala na Kigamboni nawaelewa zaidi. Njooni hivyo hivyo.

Humu kwenye grupu tunatumiana salamu na vikatuni, halafu mtu anaumwa wiki nzima hakuna anayejua. Ana kwa ana ni tofauti. Unamwona mwenzako anachezea muhogo tu, pilipili hajaigusa, unamuuliza, "Vipi, nyumbani kwema?" Hapo ndipo anafunguka.

Na si porojo tu. Shirika la Afya Duniani, kwenye ripoti yake ya mwaka 2025, limesema mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke huongeza hatari ya kiharusi, magonjwa ya moyo na kisukari. Huko Marekani, watafiti wa Harvard wanafuatilia maisha ya watu tangu 1938, na wanarudia lile lile: wenye mahusiano mazuri huwa na afya njema zaidi. (Kelele za Simba na Yanga nazihesabu humo, msinibishie.)

Mchango ni shilingi 5,000 ya mihogo, mishikaki na madafu. Aliyekwama anitumie ujumbe pembeni, aje tu, asikae nyumbani kwa sababu hiyo. Watoto ruksa. Wenye magari, andikeni hapa mna nafasi ngapi na mnapita njia gani. Mikeka ninayo. Spika asilete mtu.