Si gongo ile

Louisville, Kentucky

Shikamoo Baba Mdogo,

Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na Mama Mdogo na wote hapo Korogwe. Sisi huku hatujambo. Baridi imeanza kung'ata, ila nyumba ina joto na kazi ya usiku bado ipo. Kiswahili hakikosi, maana Wakongo ni wengi. Ukipanga foleni ya kununua unga utadhani uko Kigoma.

Uliniuliza kwenye simu Jumamosi nashinda wapi. Nashinda kwa mzee jirani yangu, nakagua magongo. Usicheke, si gongo ile ya chupani. Haya ni ya besiboli, mchezo wa Wamarekani wa kupiga mpira kwa gongo, na yanayotafutwa ni yale ya zamani ambayo mchezaji mwenyewe aliyashika uwanjani. Mwaka 2004 gongo ambalo Babe Ruth, mchezaji wao maarufu wa zamani, alilitumia 1923 liliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 1.2. Mti tu, Baba Mdogo!

Wenyewe wanasimulia kwamba magongo ya chapa ya Louisville Slugger yalianzia hapa hapa mwaka 1884, kijana Bud Hillerich alipomkerezea mchezaji mmoja gongo kwenye karakana ya baba yake. Yule baba alikuwa akikereza nguzo za ngazi na matendegu ya vitanda, kama wewe tu. Leo mbele ya makumbusho yao limeegemezwa ukutani gongo la chuma la futi 120.

Sasa utamu wenyewe. Mzee akipata gongo, halitazami jina kwanza. Analigeuza kitako juu. La dukani mara nyingi limepigwa namba ya urefu pale kitakoni. La mchezaji wa miaka ya hamsini au sitini lina herufi na namba ya umbo, mfano R43, umbo la Ruth. Kisha analipima urefu na uzito, alinganishe na daftari za kiwanda, maana kila mchezaji aliagiza la kwake na kiwanda kiliandika.

Halafu ananipa mimi. "Wewe umekulia kwenye randa," ananiambia, "nisomee mbao." Nalipeleka dirishani. Mpira wao umeshonwa kwa uzi mwekundu, na ukigonga kwa nguvu mshono unajichora kwenye mti: vidoti vidogo viwili viwili kama nyayo za kuku kwenye udongo mbichi. Alama hizo zikikusanyika upande mmoja, sawa, kila mtu ana upande wake wa kupigia. Zikizagaa kote, nashtuka. Shingoni unakuta weusi wa utomvu wa msonobari, wanaoupaka mkono usiteleze. Mengine yanang'aa kifuani kwa sababu wachezaji waliyasugua kwa mfupa wa ng'ombe ili nyuzi za mti zishikane. Hilo nilijua utalipenda.

Mwezi uliopita mzee alipigwa. Aliuziwa gongo kwa bei ya kuumiza, akaambiwa ni la miaka ya sitini. Rangi ya uzee ilikuwepo, ufa wa shingo upo, sahihi ya mchezaji imechomwa vizuri. Lakini katikati ya muhuri palisomeka Louisville Slugger, na hadi 1979 mahali pale palikaa jina la kiwanda, Hillerich & Bradsby. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutilia shaka ule weusi: ulikuwa umekaa juu juu kama rangi ya kiatu, haukuingia kwenye vinyweleo vya mti. Mzee alinyamaza kitambo, akaliweka nyuma ya mlango. Sasa analitumia kukomea.

Siku ile nilimsimulia mchi wa Bibi, ulivyobonyea pale kati mkono wake ulipokuwa ukishika, na kwamba mke wa kaka hauwezi kwa sababu yeye anashikia juu zaidi. Akaniuliza mara tatu mchi huo una umri gani na nani anaweza kuthibitisha. Nikamwambia yupo baba yangu mdogo, ndiye aliyeukereza.

Ni wewe, au ni marehemu Babu? Nijibu hilo. Na umwambie Mama asiutie jikoni kama kuni, hata ukiwa na ufa.

Pesa kidogo nimetuma kwenye simu yako, ya patasi.

Mwanao,
Hamisi