Risala ya familia zinazouguza wagonjwa wa Parkinson wilayani Hai, Kilimanjaro, kwa Mgeni Rasmi, 11 Aprili

Ndugu Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya,
Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji,
Viongozi wa dini na wa chama cha msingi cha ushirika,
Wazee wetu, wagonjwa wetu, na ninyi nyote mliofika,

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Asalaam aleikum.

Awali ya yote tunamshukuru Mungu aliyetufikisha siku ya leo, na tunakushukuru wewe, Mgeni Rasmi, kwa kupanda hadi huku kwetu na barabara ilivyo masika haya.

Kikundi chetu kilizaliwa kwenye benchi la kliniki. Tulikuwa majirani watatu, kila mmoja kamleta mzazi wake, na katika kupiga soga tukakuta wote tumepita njia ileile. Kwanza tuliambiwa ni uzee. Kisha presha. Tulipochoka kuzunguka, ikaanza minong'ono kwamba kuna mkono wa mtu. Mmoja wetu aliuza ng'ombe wa maziwa kumlipa mganga, na mzee akaendelea kutetemeka. Leo tunasema mbele yako na mbele ya kijiji kizima: wazazi wetu hawakurogwa. Wanaumwa ugonjwa wenye jina: Parkinson.

Ndugu Mgeni Rasmi,

Mzee aliyeketi pale karibu na nguzo alikuwa karani wa kupokea kahawa kwa miaka mingi, na ameturuhusu tueleze habari zake. Madaftari yake bado yapo. Ukifungua la mwanzo, herufi zimejaa mstari. Ukizidi kufunua, zinapungua msimu hadi msimu, mpaka kwenye kurasa za mwisho jina la mkulima linaanza kwa herufi ya kawaida na kuishia kama punje za ulezi. Wakati huo mkono ulikuwa haujaanza kutetemeka. Mkewe anakumbuka kwamba hata kabla ya hapo alikuwa hasikii tena harufu ya kahawa ikikaangwa jikoni. Kumbe mwandiko kuwa mdogo na pua kupoteza harufu ni dalili za mapema kabisa, na daftari lilikuwa wazi mezani miaka yote hiyo.

Madaktari wametufundisha kwamba ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo yenye seli za rangi nyeusi zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kuanza mwendo na kuuongoza. Seli hizo hufa taratibu, na kutetemeka kunapoonekana, nyingi zimekwisha kupotea. Daktari James Parkinson wa London aliuandika ugonjwa huu mwaka 1817, na leo, siku aliyozaliwa, ni Siku ya Parkinson Duniani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 wagonjwa walikuwa zaidi ya milioni 8.5.

Wilaya yetu ya Hai ina nafasi yake katika habari hizi. Watafiti walipita hapa nyumba kwa nyumba, katika eneo lenye watu 161,071, wakapata wagonjwa 33. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Zaidi ya robo tatu ya wagonjwa hao hawakuwahi kuambiwa na mtu yeyote wanaumwa nini. Namba hiyo ndiyo inayotuuma kuliko zote, maana nyuma ya kila mmoja kuna familia iliyokuwa inahangaika kama sisi.

Sasa, kwa nini seli zinakufa? Umri ndio unaotangulia, na wanaume hupata zaidi kuliko wanawake. Baada ya hapo kuna mambo mawili ambayo kijijini yanasemwa vibaya, nasi tunaomba tuyaseme vizuri.

La kwanza ni vinasaba. Mwaka 1997 iligundulika kasoro katika jeni moja kwenye ukoo wenye asili ya Contursi, kusini mwa Italia. Jeni hiyo hutengeneza protini ambayo hujikusanya mabonge ndani ya seli za ubongo wa mgonjwa. Baadaye zikapatikana nyingine, ikiwemo LRRK2, ambayo iko kwa wingi kwa wagonjwa wa Afrika Kaskazini. Mwaka 2023 timu iliyomjumuisha Profesa Njideka Okubadejo wa Lagos ilitangaza badiliko katika jeni ya GBA1 linalopatikana karibu kwa watu wenye asili ya Afrika peke yao. Aliyerithi nakala moja hatari yake huongezeka kama mara moja na nusu, na aliyerithi mbili, kutoka kwa baba na kwa mama, zaidi ya mara tatu. Miaka yote utafiti ulitegemea damu za Wazungu, na jambo hili lisingeonekana kamwe bila damu za Waafrika.

Lakini tunaomba hili lishikwe. Wengi wenye badiliko hilo wataishi na kuzeeka bila kuugua, na wagonjwa walio wengi hawana ndugu mwingine mwenye ugonjwa huu. Tunalisema kwa uchungu kwa sababu binti wa familia moja kati yetu alivunjiwa posa, ikisemwa kwamba kwao kuna ugonjwa wa kutetemeka.

La pili ni sumu. Mwaka 1982 huko California vijana waliojidunga heroini bandia waligeuka kama magogo ndani ya siku chache, na Daktari William Langston akatambua kwamba hali yao ni ileile ya Parkinson. Ndani ya dawa ile mlikuwa na kemikali iitwayo MPTP. Ikifika ubongoni hugeuka sumu inayoingia katika seli za dopamini na kuzima mitambo ya nguvu ya seli, mitokondria. Sumu hiyo kwa umbo inafanana sana na parakwati, dawa ya kuua magugu. Mwaka 2011 utafiti uliofanywa kwa wakulima na wapulizaji wa dawa Marekani ulionyesha kwamba waliotumia parakwati au rotenoni, dawa ya kuua wadudu, walikuwa na Parkinson kwa takribani mara mbili na nusu ya wasiotumia. Ufaransa, tangu mwaka 2012, inautambua ugonjwa huu kuwa ugonjwa wa kazi kwa wakulima waliotumia viuatilifu.

Sasa njoo shambani kwetu, Ndugu Mgeni Rasmi. Bomba la mgongoni limelegea mpira wa kifuniko. Kijana akiinama chini ya mbuni, dawa inamwagika shingoni na kushuka na uti wa mgongo. Shati linakauka mwilini, na ndilo atakalolia chakula cha mchana. Jioni bomba linaoshwa mferejini, na dumu tupu linasuuzwa, linawekwa maji ya kunywa. Karani wetu alipuliza kihamba chake, shamba lake la nyumbani, namna hiyo kila msimu. Hakuna daktari anayeweza kusema kwa uhakika kwamba ni dawa ile iliyomfikisha hapa. Ila jeni alizozaliwa nazo haziwezi kubadilishwa, na mpira wa bomba unaweza kubadilishwa leo hii.

Ndiyo maana ombi letu la kwanza ni glavu, mabuti na barakoa viuzwe dirisha lilelile linalouza dawa, na afisa ugani afike kabla ya msimu wa kupuliza. Madumu matupu yapate pa kurudishwa. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wafundishwe kuuliza habari za harufu, mwandiko na mwendo. Na levodopa, dawa ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini na ambayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, isikosekane hospitalini. Ikikosekana, watu wanasaga mbegu za upupu, ambazo kweli zina levodopa, lakini kipimo chake nyumbani hakuna anayekijua, na tumeshaona mtu akitapika usiku kucha.

Ndugu Mgeni Rasmi, nakala utakayokabidhiwa imesainiwa na karani wetu kwa niaba ya familia zote. Sahihi iko chini kulia. Ni ndogo mno, tunaomba uisogeze karibu na macho.

Tunaomba kuwasilisha.