Hukuuziwa Kimeo: Kwa Nini D800 Yako Inatoa Megapikseli 15

Jumamosi iliyopita, hata mageti hatujamaliza kufungua, mteja wetu wa Morogoro alikuwa keshasimama mlangoni, kamera yake ya Nikon D800 kaifunga kwenye taulo. Salamu hakuitikia. "Fundi, mmeniuzia kimeo." Alikuwa amepiga harusi nzima ya mdogo wake, akarudi nyumbani, akafungua picha kwenye kompyuta na kukuta kila moja ina megapikseli 15. Kamera aliyoiuza ili aongezee pesa ya hii, D7100, ilikuwa ikitoa 24. Usiku uleule akaandika kwenye kundi la wapiga picha kwamba Kariakoo kuna duka linauza kamera zilizochezewa.

Duka hilo ni letu, na mwaka huu yeye ni mtu wa nne kuja na lalamiko hilohilo. Ndiyo maana naliandika hapa kwa urefu.

Alipoiweka kamera mezani nilitazama lenzi tu, nikajua. Ilikuwa ya milimita 18-140 ya DX, yaani ya kamera zenye sensa ndogo, ileile aliyobaki nayo kutoka D7100. Sensa, kile kipande kinachopokea picha ndani ya kamera, kwa fuli fremu kama D800 ina upana wa milimita 36 na kimo cha 24. Lenzi ya DX imetengenezwa kumwaga picha kwenye sensa ndogo, kama milimita 24 kwa 16 hivi. D800 ikiitambua lenzi hiyo, inakata yenyewe pale katikati: badala ya pikseli 7360 kwa 4912, inakupa 4800 kwa 3200. Zidisha mwenyewe, utapata milioni 15 na ushee. Unaweza kuingia kwenye menyu ukazima ukataji huo, lakini pembe zitatoka nyeusi kama unachungulia kwenye bomba. Hakuna fundi wa kurekebisha jambo hilo, hapa wala Japani, kwa sababu hakuna kilichoharibika.

Nilichomoa lenzi yake, nikachomeka ya dukani ya milimita 50, f/1.8 (f ni namba ya tundu la mwanga: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), nikampiga picha palepale kaunta. Megapikseli 36. Akakaa kimya muda mrefu.

Kosa letu nalikiri: siku anainunua hatukumuuliza ana lenzi gani nyumbani. Lakini kosa la wanunuzi wengi ni kumalizia mtaji wote kwenye bodi, yaani kamera bila lenzi, halafu lenzi "itajulikana mbele ya safari". Mtu anaona D800 ya mwaka 2012 imeshuka bei, au D810 ya 2014, au amejikaza hadi D850 ya 2017 yenye megapikseli 45.7, na anadhani kazi imeisha. Bodi ya namna hii inaumbua lenzi dhaifu. Ukungu wa pembeni ambao kamera yako ya zamani haikuuonyesha, hii inauonyesha wote. Ukiwa na pesa ya kubana, mimi nakushauri uchukue bodi ya zamani kidogo na 50 ya f/1.8. Hata ile ya D ya miaka mingi, isiyo na mota yake, inafanya kazi, maana D800 ina mota ya kufokasi ndani ya bodi. Utaona tofauti kuliko ukinunua bodi mpya zaidi na kuibandika lenzi ya kuokoteza.

Ndugu wa karibu wa lalamiko hili ni "kamera haifokasi, picha zina mtikisiko". Wakati mwingine ni kweli, na D800 za mwanzo zilijulikana kuwa na tatizo kwenye pointi za fokasi za upande wa kushoto. Sisi kila D800 inayoingia tunaipima kushoto, katikati na kulia kwa lenzi pana iliyofunguliwa mpaka mwisho. Lakini mara nyingi tatizo ni mkono. Kanuni ya wazee ilisema lenzi ya milimita 50 upige kwa 1/50 ya sekunde au kwa kasi zaidi. Kwa megapikseli 36 mimi namwambia mteja aende 1/100, na saa sita za usiku ukumbini, mkono umeshachoka, aende 1/200. Ukisafisha picha kwa karatasi ya ukubwa uleule wa zamani hutaona tofauti. Ni pale unapoikuza kwenye skrini mpaka mwisho ndipo mtikisiko unajitokeza, na kila mteja mwenye kamera mpya huikuza mpaka mwisho.

Sasa nije kwenye bei, maana najua mnayosema. "Kwenye makundi bodi hiyohiyo ni laki tatu chini." Ni kweli, na sitaki kugombana na mtu mwenye haraka. Naeleza tu hiyo laki tatu inakwenda wapi.

Kaka mmoja alituletea D810 aliyoinunua kwa dalali. Aliambiwa imepiga picha 4,210 tu, kwa sababu faili la mwisho liliitwa DSC_4210. Namba ya faili ikifika 9999 inarudi mwanzo. Inaweza kuzunguka mara 20 na isikuambie lolote. Tulipoisoma hesabu halisi ya shata, lile pazia linalofunguka kila unapopiga picha, ilikuwa imepita 180,000. Nikon walizipima shata za D800, D810 na D850 kwa piga 200,000. Hiyo haimaanishi itakufa siku hiyo, kuna zinazopita mbali, lakini mtu huyu alilipa bei ya kamera changa na kupewa mzee. Miezi miwili baadaye shata ikakwama katikati ya kipaimara. Shata mpya pamoja na ufundi vilimla karibu nusu ya bei aliyonunulia.

Kwa Nikon, hesabu hiyo imeandikwa ndani ya picha yenyewe, ila iwe picha iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera. Muuzaji akikutumia kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, taarifa zote zinafutika njiani. Mwambie aitume kama dokyumenti, tena aliyoipiga leo. Canon 5DS na 5DS R, zile za 2015 zenye megapikseli 50.6, haziandiki namba hiyo ndani ya picha. Inabidi kamera iunganishwe kwa waya na isomwe kwa programu. Na bado namba ndogo haitoshi. Bodi iliyorekodi video za harusi kila wiki inaweza kuonyesha piga chache, kwa kuwa saa zile zote za video shata imekaa wazi na haihesabu kitu, huku sensa ikichemka.

Baada ya shata tunafungua mlango wa kadi na kumulika tochi. D800 na D810 zina matundu mawili ya kadi, la SD na la CF, na ndani ya hilo la CF kuna pini nyembamba kama sindano za cherehani. Mtu akisukuma kadi upande upande, pini moja inapinda. Muuzaji anakuonyesha kamera ikiandika kwenye SD, wewe unaridhika, unakwenda nyumbani na tundu moja.

Halafu tunapiga picha ya ukuta mweupe kwa f/16 kutafuta madoa kwenye sensa. Vumbi si tatizo, linasafishika. Kinachoniuma ni sensa zilizosafishwa nyumbani. Dada mmoja mpiga picha wa Zanzibar, kazi yake nzuri sana, aliona doa akalifuta kwa pamba na spiriti. Kioo kinachofunika sensa kikabaki na mikwaruzo kama meza ya mgahawa. Sisi tungemsafishia kwa elfu 40, kwa kijiti chenye upana wa milimita 24 na dawa yake. Aliishia kutafuta bodi nyingine. Na kamera za visiwani tunazikagua mara mbili, kwa sababu hewa ya chumvi inakula vyuma vya mahali pa flashi na vya betri, na unyevu unaotesha kuvu ndani ya lenzi ikikaa begini miezi bila kutumika.

Raba zinazovimba na kubanduka msizibandike kwa supagluu, tafadhali. Inachuruzika mpaka kwenye mlango wa kadi, na kuutoa uchafu huo ni kazi ya siku nzima.

Kazi yote hiyo hutuchukua siku mbili kwa kila bodi. Nyingine tunazikataa na kumrudishia aliyetuletea, hata kama zinang'aa kama mpya. Zinazobaki tunaziuza na dhamana ya miezi mitatu iliyoandikwa kwenye risiti, na namba ya shata inaandikwa palepale kwa mkono. Kwenye kundi unapewa namba ya simu, nayo kesho haipatikani.

Mteja wa Morogoro aliondoka na 50 ya f/1.8, tukachukua 18-140 yake kama sehemu ya malipo. Alilifuta andiko lake mwenyewe, bila kuombwa. Nasi kuanzia wiki hii bodi haitoki dukani mpaka mteja achomeke lenzi yake mwenyewe, apige picha mlangoni, tuifungue kwenye kompyuta yetu na aione idadi ya pikseli kwa macho yake. Kwa hiyo ukija, njoo na lenzi zako zote na kadi unayoitumia. Kama lenzi ni ya DX, tutakuambia kabla hujatoa hela.