Jarida la bolingi limefungwa, wachezaji bado wapo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu kufungwa kwa jarida la bolingi, mchezo wa kuviringisha tufe zito ili kuangusha pini, ambalo baadhi yetu hapa Marekani tulikuwa tukiletewa kwa posta. Wapo wanaodai kuwa limekufa kwa sababu mchezo wenyewe umekufa, nami sikubaliani nao. Kumbi bado hufurika Jumamosi jioni, ila wanaofurika ni watoto wa sherehe za kuzaliwa, wenye viatu vya kukodi na tufe lolote lililo karibu.

Kilichoporomoka ni ligi, yaani mashindano ya kawaida ya wachezaji waliojisajili. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wanachama wake walikuwa milioni 9 hivi; leo shirikisho la bolingi la Marekani, USBC, lililoundwa mwaka 2005 kwa kuunganisha vyama vya wanaume, wanawake na vijana, lina takriban milioni moja. Mchezaji wa ligi ndiye aliyelinunua jarida, kwa kuwa alitaka kujua mafuta yamepakwa vipi kwenye njia ya kuviringishia tufe na tufe lake litaanza kukata kona wapi kabla ya kuzifikia pini. Mgeni anayekuja kucheza kwa muda wa saa mbili tu hana haja na hayo. Televisheni nayo ilitangulia kujitoa: kituo cha ABC, kilichoonyesha mashindano ya wachezaji wa bolingi wa kulipwa tangu 1962, kiliacha mwaka 1997.

Ninachoomba ni wachapishaji wakabidhi nakala zote za zamani kwa makumbusho ya bolingi yaliyoko Arlington, Texas, kabla hazijaishia kuwa karatasi za kufungia vyombo.

Msomaji wako,
Milwaukee, Marekani