Barua kwa Vijana Wetu Wanaongoja Jibu la Mungu

Kwa vijana wa ushirika wetu, mlioko Umoja, Kayole, Pipeline na Githurai.

Wanangu, Bwana Yesu asifiwe.

Maombi mnayoyaleta kwenye ibada ya katikati ya wiki yanafanana sana siku hizi: kazi, ndoa, safari ya kazi nchi za Ghuba, Uarabuni, ada ya chuo, na mwishoni swali lilelile, mbona Mungu amenyamaza. Dakika tano za maombi ya pamoja hazitoshi kulijibu, na ninawapenda mno kuwajibu kwa "vumilia tu" halafu niondoke. Basi nimeandika.

Mstari mnaoushika kuliko yote ni Yeremia 29:11. Umebandikwa kwenye kuta za nyumba zenu, umechorwa nyuma ya matatu, na kila mwaka mpya unazunguka kwenye simu. Naomba mrudi nyuma mstari mmoja tu. Mstari wa 10 unasema ahadi ile itatimia baada ya miaka 70. Sura hiyo ni barua ya nabii Yeremia, na waliopelekewa walikuwa mateka waliochukuliwa Babeli pamoja na mfalme Yekonia mwaka 597 KK. Mtu wa miaka 30 aliyeketi akaisikia ikisomwa alielewa kwamba yeye hatarudi Yerusalemu. Wanawe huenda, wajukuu wake zaidi. Ni kwa watu hao Mungu alisema anayajua mawazo anayowawazia, mawazo ya amani wala si ya mabaya.

Sura iliyotangulia, Hanania wa Gibeoni alisimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote akatangaza, kwa jina la Bwana, kwamba vyombo vya hekalu vitarudishwa ndani ya miaka miwili. Neno tamu, na lina tarehe. Ubaya wake haukuwa tu kwamba ni uongo. Anayeamini kwamba amebakiza miaka miwili hajengi, hapandi, haozeshi binti yake. Anaishi amekalia mzigo wake. Ndiyo maana barua ya Yeremia inaanza na kazi za mikono: "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake." Kisha waoe, wazae, wauombee mji uliowateka, maana katika amani ya mji huo ndimo watakamopata amani yao. Uongozi wa Mungu kwa watu hao ulikuwa kazi ya kesho asubuhi, na tarehe ya kurudi hawakuiona kwa macho yao. Wengi wenu mnaomba tarehe mkiwa bado hamjaishika kazi ya kesho asubuhi.

Sasa someni sura ya 42. Yerusalemu umeanguka, na watu waliosalia, wakiongozwa na Yohanani mwana wa Karea, wanamwomba Yeremia awaulizie kwa Bwana njia ya kuiendea. Wanaahidi kutii, jibu liwe jema au baya. Yeremia anangoja siku 10 ndipo neno linamjia. Nabii mwenyewe, siku 10! Jibu ni kwamba wakae katika nchi, wasiende Misri. Wanamwambia anasema uongo, nao wanakwenda Misri. Sababu iko 41:17, msiipite haraka: walipokuja kuuliza walikuwa wameshapiga kambi karibu na Bethlehemu, njiani kuelekea Misri.

Hapa ndipo wengi wetu tunapoharibikiwa. Ukishamlipa wakala wa Ghuba nusu ya pesa, ukishaacha kazi, ukishawaambia wazazi tarehe ya kupeleka mahari, maombi yako si swali tena. Unatafuta muhuri. Mlete Bwana jambo kabla hujafunga mzigo. Na kama umeshaufunga, uwe tayari kuufungua, hata kama pesa fulani itapotea.

Nitawaeleza namna ya kuuliza. Chukua daftari, andika swali lako kwa sentensi moja yenye kitenzi: "Je, nikubali kazi ya Mombasa kuanzia mwezi ujao?" "Mungu nionyeshe njia" ni ombi zuri, lakini halina mahali pa kujibiwa, na baada ya mwezi hutajua kama limejibiwa. Chini yake andika yale ambayo Maandiko yameshayasema juu ya jambo hilo. Mara nyingi nusu ya swali huishia hapo. Kutoa hongo ili upate kazi hakuhitaji kufungiwa siku tatu. Kuhamia kwa mchumba kabla ya ndoa hakuhitaji kesha. 1 Wathesalonike 4:3 imeshajibu. Yanayobaki, yale ambayo njia zote mbili ni halali, ndiyo ya kuombea hekima, na Yakobo 1:5 inasema Mungu huwapa wote kwa ukarimu, wala hakemei.

Halafu soma kwa mpangilio. Kufunga macho, kufungua Biblia popote na kuweka kidole si kutafuta uongozi, maana mstari uliokatwa shingo utakwambia lolote unalotaka. Mithali ina sura 31. Soma sura ya tarehe ya siku hiyo, pamoja na kitabu kimoja kizima kwa utaratibu. Ukifunga, anza na mlo mmoja, chakula cha mchana siku moja kwa wiki, unywe maji, na saa ile uitumie kwa maombi badala ya simu. Mwenye kisukari, mwenye vidonda vya tumbo, mjamzito na anayenyonyesha wasifunge chakula bila kumuuliza daktari. Wafunge kitu kingine, Mungu hapungukiwi.

Tafuta washauri watatu wasiofanana: anayeijua kazi au jambo lenyewe, anayeujua udhaifu wako, na asiyefaidika na uamuzi wowote utakaofanya. Mfalme Rehoboamu katika 1 Wafalme 12 alikuwa na siku tatu na wazee wenye busara, akaliacha shauri lao, akafuata la vijana waliokua pamoja naye. Makabila kumi yakamponyoka. Kikundi cha rafiki zako wa rika moja, wote wakitafuta kitu kilekile, ni faraja kubwa, ila si baraza la mashauri. Na kwa safari za nje, sehemu ya kumuuliza Bwana ni kwenda kuangalia kama wakala yumo katika orodha ya wenye leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Katika Yoshua 9 watu wa Israeli walikagua mkate wa Wagibeoni, majirani waliojifanya wametoka mbali, wakauona umekauka, wasitake shauri kinywani mwa Bwana. Sisi hukosea upande wa pili: tunakesha tukiomba, mkate hatuutazami.

Usiamue ukiwa na njaa, usingizi au hasira. Nabii Eliya chini ya mti wa mretemu aliomba afe. Bwana alimlaza, akamlisha mara mbili, na mazungumzo yakaja baadaye, kule Horebu.

Kuna vipimo viwili mnavyovitegemea kupita kiasi. Cha kwanza ni mlango kufunguka. Yona alipomkimbia Bwana alishuka Yafa akakuta merikebu inayokwenda Tarshishi, na nauli alikuwa nayo. Daudi naye pale En-gedi alimpata pangoni mfalme Sauli aliyekuwa akimwinda, na watu wake wakamwambia siku ndiyo hii. Mlango ulikuwa wazi kabisa, naye akakataa kuingia kwa kuua. Kipimo cha pili ni amani ya moyo. Yona alilala usingizi mzito ndani ya merikebu ileile, ilhali Bwana wetu pale Gethsemane, katikati ya mapenzi ya Baba, alihuzunika kiasi cha kufa. Amani ni zawadi, ipokeeni kwa shukrani. Lakini ipimwe pamoja na Neno na mashauri, isisimame peke yake.

Kuhusu unabii, Paulo alisema msiutweze, na papo hapo akasema jaribuni mambo yote. Ukipewa neno, liandike kama lilivyotamkwa, kisha ulilete kwa wazee. Mtu akikuambia neno lake halitatimia mpaka utume "mbegu", yaani pesa, kwenye nambari fulani ya simu kabla ya saa sita usiku, umeshapata jibu kuhusu mtu huyo. Haraka ile ndiyo alama yake. Watoto wetu wamekopa kwenye simu ili kupanda mbegu, wakabaki na deni, jina limeorodheshwa CRB, kwenye kumbukumbu za wasiolipa mikopo, na aibu inayowazuia kurudi kanisani. Rudini. Hakuna atakayewauliza mlimtumia nani.

Kungoja kwenyewe kuna hatari yake, nayo huja karibu na mwisho. Sauli aliambiwa amngoje Samweli Gilgali siku saba. Akangoja zote saba, watu wakaanza kutawanyika, akatoa sadaka mwenyewe, na alipomaliza tu Samweli akafika. Abrahamu aliondoka Harani akiwa na miaka 75. Isaka alizaliwa akiwa na 100. Katikati, baada ya miaka kumi Kanaani, ndipo shauri la kuzaa na Hajiri, mjakazi wa Sara, likaja, na lilionekana la busara. Kwa hiyo siku utakayojisikia "nimengoja vya kutosha, sasa nimsaidie Mungu", andika tarehe, mwite mshauri mmoja, na usitie sahihi chochote kwa wiki moja. Ujue pia kinachokuchosha. Mara nyingi si kungoja, ni kutazama harusi na magari ya wenzako kwenye simu saa tano usiku. Izime mapema.

Na huku unangoja, bustani yako ni ipi? Asiye na kazi ajifunze ufundi mmoja mpaka mtu amlipe kwa ajili yake. Anayengoja mwenzi alipe madeni yake na apatane na ndugu zake. Anayengoja majibu ya mtihani awafundishe watoto wa Shule ya Jumapili. Hakuna saa ya kungoja ambayo Mungu ameiacha bila kazi.

Jambo moja nalisema kwa uchungu. Msiwaambie watu wavumilie yasiyopasa kuvumiliwa. Dada anayepigwa nyumbani hatakiwi kusubiri mume aokoke ndipo aondoke. Aondoke leo, apige 1195, simu ya bure, na mama wa kanisa amsindikize. Anayenyimwa mshahara aende ofisi ya kazi. Aliye mgonjwa aende hospitali, maombi yatamfuata huko. Paulo, aliyeandika kwamba dhiki huleta saburi, ndiye huyo aliyekataa kutoka gerezani Filipi kimyakimya baada ya kupigwa bila hukumu, na baadaye akakata rufani kwa Kaisari.

Wiki hii someni Yeremia 27 hadi 29, kisha 40 hadi 43. Jumapili baada ya ibada ya pili nitakuwa chumba cha vijana. Kila mmoja aje na daftari lake, sentensi moja ya swali, na majina matatu ya washauri. Ambaye swali lake ni la siri asilisome mbele ya wenzake. Anipe mkononi, tutaliombea wawili.

Neema ya Bwana iwe nanyi.

Mzee wenu wa kanisa,
Nairobi